Tulitia kidole kabla ya kusoma



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya namna ya kumsaidia mtoto wa mwaka wa kwanza kusoma nyumbani. Mtuvumilie, habari hiyo itakuja juma lijalo. Leo pia tunazungumza juu ya kusoma, lakini kusoma kwetu sisi wakubwa. Siku ya nne iliyopita, katika biro ya komini, tulipata aibu ambayo hatutaki shirika lingine la wamama liipate.

Wengi wenu mnaijua stasio ya mafuta iliyo kwenye kona, pale watoto wanapovuka barabara kwenda masomoni. Kwa miaka mingi ilikuwa na pompi mbili tu, moja ya esansi na moja ya mazutu. Sasa mwenye stasio anaomba ruhusa ya kuipanua. Anataka kuongeza pompi nne, kuzika matanki mawili mapya chini ya udongo, kujenga depo ya chupa za gazi, na kupata uwanja ambamo siterni zitaweza kugeuka. Sehemu anayoiomba ni ule ukanda wa kiwanja unaofika mpaka kwenye ukuta wa shule. Ni pale pale ambapo wamama wenzetu sita wanakaanga mikate na kuuza matembele tangu alfajiri.

Ombi la namna hiyo halikatwi na mtu mmoja. Linapita mikononi mwa huduma nyingi: ya ujenzi wa mji, ya kadasta, ya mazingira na ya mafuta. Wajumbe wa huduma hizo walikutana siku ya nne kulisikiliza, na wakaaji wa kartie waliitwa. Shirika letu lilituma watu kumi na mmoja.

Tulikaa kwenye mabenchi ya nyuma. Tulikuwa tumejitayarisha vizuri, hata tulikuwa tumegawana maneno: huyu aseme juu ya watoto, yule aseme juu ya kisima. Lakini kabla hatujapewa nafasi, katibu alifungua faili akasoma: “Wakaaji wamekwisha kukubali. Kuna liste yenye majina 43.” Kisha akaanza kuyasoma moja moja.

Jina la tatu lilikuwa la mama aliyekaa karibu nasi. La tisa lilikuwa la mama aliyekaa nyuma yetu. Tulianza kutazamana. Alipomaliza, majina 18 yalikuwa ya wanachama wa shirika letu, na jina letu, sisi tunaowaandikia ukurasa huu, lilikuwa kati yao.

Mtauliza: yalifikaje huko?

Yalifika kwa mkono wetu. Mwezi wa sita, siku moja ya Posho, vijana wawili wenye kofia za stasio walikuja katika mkutano wetu. Walisema mwenye stasio anawasalimu wamama wa kartie. Walileta sabuni, kipande kimoja kwa kila mtu, na franka 5000 za usafiri, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepanda gari. Walizungumza dakika kumi juu ya maendeleo. Kisha wakapitisha karatasi. “Ni liste ya kuhudhuria tu, wamama, ili patron ajue kwamba tulifika kweli na sabuni haikupotea njiani.” Tulicheka, tukaandika majina.

Juu ya karatasi ile palikuwa na mistari mitatu ya Kifaransa, kwa herufi ndogo. Sisi tunaofundisha tulikuwa tumeketi mezani, karatasi ikiwa mbele yetu. Diploma tunayo, na Kifaransa hicho ndicho tunachowafundisha watoto wenu. Hatukusoma mistari ile.

Na kuna jambo lililo baya zaidi. Mama yetu mmoja mzee, ambaye hakupata bahati ya kukaa darasani, alituuliza: “Mwalimu, karatasi hii ni ya nini?” Tukamjibu: “Ni ya sabuni tu, mama.” Tukamshika mkono, tukabonyeza kidole chake kwenye wino, tukakiweka kwenye karatasi.

Mama yule yule alikuwa pamoja nasi katika biro ya komini. Jina lake liliposomwa, alisimama bila kuitwa. Alisema: “Papa bugumestre, heshima kwako. Kidole kile ni changu, sikikatai. Lakini mimi sikuambiwa habari ya tanki. Niliambiwa sabuni. Kama sabuni ndiyo ruhusa, basi bado ninayo nusu nyumbani, nitairudisha.”

Watu walicheka, hata wakubwa waliokuwa mezani walicheka. Sisi hatukuweza. Mama alikuwa na haki ya kutugeukia na kusema: huyu ndiye aliyenishika mkono. Hakusema. Aliketi, akatengeneza kitenge chake, akatazama mbele. Ndipo tukasimama sisi, tukaeleza mambo yote kama tulivyowaeleza ninyi hapa: sabuni, franka 5000, mistari mitatu, na jibu tulilompa mama.

Mwenye kuongoza mkutano aliiweka liste pembeni. Alisema haitahesabiwa kuwa maoni ya wakaaji. Alimpa mwenye stasio siku 30 alete uchunguzi wa mazingira unaotakiwa, na akatupa sisi siku hizo hizo 30 tulete maneno yetu kwa maandishi. Kwa hiyo ombi halikukataliwa wala halikukubaliwa. Tuna mwezi mmoja, na siku zimekwisha kuanza kuhesabiwa.

Sasa tuseme wazi kile tunachokiogopa, maana woga usio na maelezo hausikilizwi na wakubwa.

Jambo la kwanza ni mvuke. Esansi inatoa mvuke hata wakati wa baridi ya mwezi wa sita. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi wa makala. Unashuka, unatambaa chini, unajaa katika mifereji na mashimo, na ukikutana na moto unawaka na kurudi mpaka pale ulipotoka. Siterni inapomimina mafuta ndani ya tanki, mvuke uliokuwa ndani unasukumwa kutoka nje. Sasa tupime wenyewe: kutoka mdomo wa tanki mpya mpaka kwenye mbabula ya mama anayekaanga mikate, kuna hatua ngapi? Tukubali kwamba hatari hapo haitoki kwa stasio peke yake. Moto ni wetu.

Jambo la pili ni maji. Bomba halitoshi kwa kartie letu, na nyumba nyingi zinakunywa maji ya kisima. Tanki la chuma lililozikwa linaweza kula kutu miaka na miaka bila mtu kuliona. Tundu dogo likitokea, mafuta yanadondoka taratibu katika udongo mpaka yafike kwenye maji. Esansi haichanganyiki na maji kama sukari. Sehemu kubwa inaelea juu, lakini sehemu nyingine inayeyuka ndani yake, na humo mna benzeni, kitu ambacho waganga wanakijua kuwa kinaleta kansa ya damu.

Hapa tunawaomba mushike neno moja, hata mkisahau mengine yote. Maji yanayonuka esansi au mazutu hayasafishwi nyumbani. Tumezoea kuchemsha maji na kutia dawa ya klori, na ni vizuri, maana vinaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Lakini klori haiondoi mafuta. Na kuyachemsha ndani ya nyumba kunajaza mvuke wa sumu mahali watoto wanapolala. Maji yakinuka, msinywe, msipikie, msimwogeshe mtoto. Mfunge kisima na kumwita shefu wa kartie siku hiyo hiyo.

Jambo la tatu ni siterni zenyewe. Mafuta ya Lubumbashi hayatoki hapa. Yanafika kwa kamiyo, nyingi kupitia Kasumbalesa, na madereva wanafika wamechoka. Stasio yenye pompi sita inahitaji siterni nyingi kuliko yenye pompi mbili, na kila siterni itageuka mbele ya mlango ambamo watoto wanatoka wakikimbia.

Inchi yetu imekwisha kulia juu ya siterni. Tarehe 2 mwezi wa saba, 2010, kule Sange, katika Kivu ya Kusini, siterni ilipinduka kati ya nyumba. Watu walikuja kuchota esansi iliyokuwa ikimwagika. Wengine walikuwa katika nyumba ya sinema wakitazama mupira wa Kombe la Dunia. Moto uliwaka, na watu zaidi ya 230 walikufa, wamama na watoto wengi wakiwa ndani. Tarehe 6 mwezi wa kumi, 2018, kule Mbuba, katika Kongo Central, siterni iligongana na gari lingine barabarani, na watu zaidi ya 50 waliungua wakafa. Mambo hayo yalitokea barabarani, hayakutokea kwenye stasio, na hatusemi kwamba yatatokea hapa. Tunasema kwamba siterni haifai kutembea katikati ya watoto bila mpango.

Na hili mlifundishe nyumbani jioni ya leo: mafuta yakimwagika, mtoto asitumwe na bidoni. Akimbie upande ambako upepo unatoka, na asiwashe kitu chochote, hata simu asiichezee hapo.

Sasa tuwe wa haki. Mwenye stasio alipewa neno naye, na alisema kwa adabu. Alisema kwamba wale tunaowaita kadafi wanauza esansi katika bidoni na chupa mbele ya nyumba zetu, karibu na taa na sigara, bila mchanga wala kizima-moto, na hakuna mama aliyekwenda komini kuwashitaki. Alisema kwamba stasio ikiwa kubwa, kadafi watapungua. Ni kweli, na neno hilo lilituchoma. Kati yetu kuna wamama ambao watoto wao wa kiume ni kadafi. Bidoni zinalala chini ya kitanda. Hatuwezi kwenda kuuliza habari ya tanki la jirani huku tukificha bidoni yetu.

Tena stasio ile inatoa taa. Usiku umeme unapokatika, kona ile peke yake inaangaza, na wasichana wetu wanaotoka kuchota maji wanapita pale bila woga. Mume wa mwanachama wetu mmoja ni mlinzi pale, na mshahara wake unalipa masomo ya watoto wanne. Wamama sita wanaouza pale mbele wanalisha nyumba sita. Mmoja wao alituambia waziwazi tulipotoka komini: “Ninyi mnazungumza juu ya kisima. Mimi, wakinifukuza pale, watoto watakula nini siku ya yenga?” Hatukuwa na jibu siku ile. Tulimwomba atupe siku tatu.

Siku ya Posho tulikutana tena, wanachama 27, na wale wamama sita tukawaweka mbele, waseme wa kwanza. Tulizungumza saa tatu nzima. Wengine walitaka ombi lote likataliwe. Wengine walitaka tunyamaze. Mwishoni tulipatana hivi: hatutaiomba komini ikatae kila kitu. Tutaiomba mambo matano, kwa maandishi.

Moja, depo ya gazi isijengwe kwenye ukuta wa shule. Iwekwe upande mwingine wa kiwanja au isiwepo kabisa.

Mbili, siterni zisiingie wala kumimina mafuta wakati watoto wanapoingia na wanapotoka. Saa hizo ziandikwe ndani ya ruhusa yenyewe, maana ahadi ya mdomo inapita pamoja na yule aliyeitoa.

Tatu, maji ya visima vilivyo karibu yapimwe kabla ya kuchimba, na yapimwe tena kila mwaka, na matokeo yabandikwe kwenye biro ya kartie. Tusipopima kabla, baadaye tutaambiwa maji yetu yalikuwa mabaya tangu zamani.

Ine, wamama sita wapewe mahali pengine pa kuuzia kabla ya udongo kuchimbwa, mbali na matanki, lakini penye wapitaji.

Tano, mfereji ujengwe ili maji ya mvua yanayopita kwenye uwanja wa stasio yasiteremke kwenye viwanja vya watu.

Na sisi wenyewe tumejitwika la sita: kila nyumba ya mwanachama itatoa bidoni ya esansi nje ya nyumba wanamolala watu, na tutapita kuangaliana bila kufedheheshana.

Wengine wanauliza kama tuna haki ya kuandika maneno hayo, na kama hatutafungwa. Tunayo. Katiba ya inchi yetu ya 2006, katika kipengele cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira mazuri. Kipengele cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa wakubwa, peke yake au pamoja na wengine, na mkubwa anapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kipengele hicho hicho kinakataza mtu kushitakiwa kwa sababu ya kupeleka ombi hilo. Na sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba, 2011, inayohusu ulinzi wa mazingira, inataka kazi inayoweza kuharibu mazingira ifanyiwe uchunguzi kwanza, na wakaaji waulizwe. Uchunguzi anaodaiwa mwenye stasio hatukuutunga sisi, wala si chuki juu yake.

Lakini haki isiyoandikwa kwenye karatasi inalala. Barua yetu itakuwa na kopi mbili. Moja itabaki komini. Ya pili tutarudi nayo ikiwa na muhuri, tarehe na jina la aliyeipokea. Bila muhuri huo, siku 30 zikipita, tutaambiwa hakuna barua iliyofika.

Tumepatana pia juu ya karatasi zote zinazopita katika mikutano yetu, na tunawaomba mashirika mengine mufanye vilevile. Hakuna anayeandika jina kabla karatasi haijasomwa kwa sauti, kwa Swahili, tangu juu mpaka chini. Ikiwa ni liste ya kuhudhuria, tunaandika wenyewe kwa kalamu, juu yake: “Kuhudhuria tu, si kukubali.” Nafasi tupu kati ya maneno na majina tunaipiga mstari. Mwenye karatasi akikataa isomwe, anarudi nayo, hata kama ameleta sabuni. Na tunapiga kopi au picha kwa simu kabla karatasi haijaondoka.

Zaidi ya yote, mama asiyejua kusoma asishikwe mkono na mtu mmoja. Wawe watu wawili, mmoja asome, wa pili aeleze, na mama mwenyewe arudie kwa maneno yake kile alichosikia. Akiweza kurudia, ndipo kidole kiende kwenye wino. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tumejifunza kwamba kidole kimoja, kikibonyezwa kwa haraka, kinaweza kuuza kisima cha kartie nzima.

Siku ya yenga jioni, baada ya ibada, tulikwenda nyumbani kwa mama yetu mzee kumwomba radhi. Tulimkuta anapembua mahindi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatupa kiti, akatuambia: “Mwalimu, mimi nilikuuliza wewe kwa sababu wewe unajua. Kesho pia nitakuuliza. Basi na wewe kesho usome.” Kisha akatupa bukari na lengalenga, na tukala.

Barua itasomwa kwa sauti siku ya Posho ijayo, saa nane, katika darasa la mwaka wa tano. Njooni wote, wale wanaokubali na wale wasiokubali. Wamama sita wanaouza kwenye kona watakaa mbele. Atakayetia jina atatia baada ya kusikia, na asiyetaka atarudi nyumbani bila kuulizwa kitu. Sabuni haitakuwapo.

Juma lijalo, kama tulivyoahidi: mtoto wa mwaka wa kwanza na kitabu chake.